Honoré Haombi Msamaha kwa Mdomo

Niseme mapema tusipotezeane muda: Papa Honoré ni mtunzi mkubwa na ni mume wa kuchosha, na hayo mawili hayatenganishiki. Nimo katika korali yake tangu alipoianzisha hapa Durban, naimba sauti ya pili, upande wa dirisha. Ninachokuambia sikukiokota barabarani, nimekiimba mwenyewe.

Mchana Honoré yuko Jacobs, kwenye kiwanda cha magodoro, anaendesha mashine ya kushona pindo. Jioni anarudi Greyville, kwenye fleti yao inayotazama uwanja wa farasi, anavua buti, anaweka kinanda juu ya meza ya pasi, na kuanzia hapo usimwite fundi wa magodoro. Mwite compositeur, mtunzi. Ukisema mwalimu wa kwaya anakurekebisha mbele za watu. Anatunga misa nzima nzima, Kilatini na Kiswahili, sauti nne, kama alivyofundishwa na mapadri wa seminari huko Bukavu. Nyimbo za kupiga makofi anaziita kelele, na akizisikia kwa majirani anafunga dirisha hata kama joto linaua.

Ndiyo, seminari. Alitaka kuwa padri. Watu wakisikia hivyo wanacheka, na wana haki ya kucheka. Walimfukuza kwa ajili ya binti mmoja wa korali ya parokia aliyeimba sauti ya kwanza. Honoré hakumwambia binti lolote, hakumshika hata mkono. Alimtungia Ave Maria, ndefu, imejaa kuugua, mpaka gombera, mkuu wa seminari, akaanza kujiuliza huyu kijana anamwimbia Maria yupi. Binti huyo aliitwa Carmel. Yeye mwenyewe husema habari ya kupendwa aliipata siku ya sikukuu, saa ya komunyo, pamoja na kila mtu aliyekuwa kanisani. Akaolewa naye hata hivyo. Baadaye vita ikawasukuma barabarani mpaka wakafika huku, Honoré na kinanda na mke, watoto wakakua wakaenda zao Pretoria, na ile tabia ya Ave Maria haikumtoka.

Sasa nikueleze namna anavyotunga, maana mambo yote yametokea hapo. Mtunzi wa kawaida anaandikia sauti: soprano ifike hapa, besi ishuke pale. Honoré anaandikia koo la mtu. Anaclet, rais wa korali yetu, anaishiwa pumzi haraka, basi besi wanapewa mahali pa kuhema. Mimi Mungu alinipa noti mbili tatu za chini ambazo wengine hawana, na hakuna misa yake ambayo sauti ya pili haizipitii. Solo za sauti ya kwanza zote ni za koo la Carmel. Anazikata kama fundi cherehani anayemshonea mke wake, hapimi, mwili anaujua.

Kwa hiyo wakigombana, sisi tunajua. Honoré nyumbani hasemi kitu, ananuna, anakaa kwenye meza yake ya pasi mpaka Carmel aende kulala. Jumamosi tunakuja mazoezini, anatugawia karatasi za solfa, nasi tunasoma nyumba yao. Solo imepanda huko juu ambako Carmel lazima akaze mishipa ya shingo: anamwadhibu. Besi wanarudia neno lilelile, wanarudia, wanarudia: amefungiwa mlango wa chumba. Na akileta Kyrie mpya, ile ya Bwana utuhurumie, Kristo utuhurumie, basi ametambua kwamba mwenye kosa ni yeye. Mara nyingi sisi tulipata habari kabla ya Carmel.

Kuna mwaka alimwazima binamu yake televisheni bila kumwuliza Carmel, katikati ya tamthilia aliyokuwa akiifuata. Wakalala mzungu wa nne kwaresima nzima. Pasaka tukaimba Kyrie ambayo mpaka leo mamama wa Kizulu wa misa ya asubuhi wanaiomba kwa kuiimba kidogo kwa pua, maana maneno hawayajui. Binamu alirudisha televisheni, ikiwa na ufa, na Kyrie tukabaki nayo.

Unaona raha hiyo? Mimi pia niliiona raha. Mpaka siku moja Carmel alipokuja saluni kwangu. Yeye ana meza ya kutengeneza simu mtaa huohuo wa saluni yangu, Greyville, mkono wake ni mwepesi, na kwenye nywele anakuja kwangu tu. Nilikuwa namsuka huku namtania juu ya Kyrie ya wiki ile.

"Yaya Agathe," akasema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "tangu tuoane huyu mtu hajaniambia pardon kwa mdomo wake. Hata mara moja. Ananitungia Kyrie. Korali nzima inamwomba Mungu msamaha, na mimi niliyekosewa nimesimama katikati yao naimba solo. Mimi nani ananiomba?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nasema kweli. Watu wote wamepewa huo msamaha isipokuwa mimi. Nataka kitu kimoja tu. Aniambie kwa mdomo, sisi wawili, mlango umefungwa. Asipoweza, siku moja nitaondoka, na sitaondoka kwa kelele."

Nikaendelea kusuka. Nilijua hatanii, kwa sababu Carmel akitania huwa anagusa goti la mtu, na siku hiyo mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Mwaka jana, sijui kulitokea nini, wakapatana. Wakawa wanatembea ufukweni Jumapili, eti wanakula ice cream. Honoré akanenepa. Na muziki, mama yangu, ukaharibika. Gloria aliyotuletea ilikuwa maharage bila chumvi. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka, wote tulitembea pale katikati kama watu wanaorudi kutoka sokoni. Carmel aliiimba akitabasamu, na kwa heshima ya tabasamu lile sikusema neno.

Lakini Anaclet hakulala. Jubilei ya korali ilikuwa inakuja, tumealika parokia nyingine, na korali moja ya Umlazi ambayo ikifungua kinywa unasahau jina lako. Anaclet ana duka la vitambaa, ni mtu wa maonyesho, hawezi kuvumilia kushindwa nyumbani kwake. Alitaka Kyrie mpya, ya kuliza watu.

Siku moja wakati wa chai ya mazoezi, Bilha akaanza hadithi. Bilha ni Mkenya, anafundisha muziki chuo kikuu, anasimama karibu nami katika sauti ya pili, na hana makuu. Alikuwa anasoma maisha ya mtunzi mmoja wa zamani huko Ulaya. Bwana huyo ndoa yake ilikuwa jehanamu, mke alimkimbia, marafiki wakamkimbia, na misa aliyoandika mwaka huo watu wanailia mpaka leo.

"Mateso ndiyo yaliyompa muziki wake," Bilha akasema, akachovya biskuti yake kwenye chai.

Alikuwa anapiga soga tu, maskini. Lakini nilimwona Anaclet ameacha kutafuna.

Aliyofanya nimeyajua baadaye, kwa mdomo wake mwenyewe, maana mtu huyu hata ubaya wake lazima ausifie. Alimfuata Honoré, akamwambia kwamba Carmel amechoka, amelalamika pembeni, angefurahi kupumzika, na kwamba solo ya Kyrie ya jubilei apewe Deborah. Deborah ni binti wa watu, ana sauti nzuri, hana kosa lolote katika habari hii na naomba usimwingize humo. Honoré akaamini. Mtu mwingine angerudi nyumbani amwulize mkewe: mama, ni kweli umechoka? Honoré angeanzia wapi? Akaenda kwenye meza ya pasi akaandika.

Jumamosi tukagawiwa karatasi. Carmel akaishika yake, akaanza kuisoma kimyakimya, midomo inacheza. Kisha ikasimama. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Jina la mtu halikuandikwa popote, lakini solo ilikuwa inakaa chini kuliko anapokaa yeye, halafu inaruka ghafla pale ambapo binti wa miaka ishirini anaruka bila kufikiri.

"Nguo hii si yangu," akasema.

Honoré akainama kushughulika na waya za kinanda.

"Maman Carmel," Anaclet akaingilia, "ni kwa ajili ya jubilei tu, upumzike kidogo."

"Sikukuuliza wewe. Honoré, nakuuliza wewe. Umemshonea nani?"

Na huyu bwana, mbele yetu sote, unajua alijibu nini? Alibonyeza do. Do, ile noti ya kutupatia mwanzo, kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Nilitamani kumpiga na kiatu.

Carmel akaikunja karatasi vizuri, akaiweka juu ya kiti, akachukua mkoba wake. Siku ileile akahamia kwa mdogo wake Grâce, Sydenham. Nguo zake nyingi aliziacha. Alibeba bisibisi zake zote za simu na ile taa yake ya kazi, na niliposikia hivyo nikajua hakwenda kwa siku mbili tatu.

Anaclet ndiyo kwanza alichangamka. Alikuja saluni, akaegemea mlango. "Moto kidogo, Maman Agathe," akasema, "ili chakula kiive." Hapo ndipo aliponieleza yote, na hadithi ya yule Mzungu wa Bilha juu. Eish. Nilimwambia maneno ambayo mteja wangu aliyekuwa chini ya drier alijitoa kichwa ili ayasikie vizuri.

Basi tukasubiri hicho chakula. Kyrie ile ya Deborah hakuna aliyeishika tena, na mazoezi ya kwanza Honoré hakuleta kitu. Ya pili hakuleta kitu. Ya tatu akaleta Kyrie ya televisheni, ileile, amebadilisha tarehe tu juu ya karatasi. Alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi ilhali meza ya pasi anaishi juu yake. Alikaa kwenye kinanda akigusa noti moja, anaiacha, anagusa nyingine, kama mtu anayebonyeza maparachichi sokoni na hakuna lililoiva. Nilimwonea huruma, na nilikuwa bado nimemkasirikia.

Anaclet alikosea hesabu. Alidhani ugomvi ndio uliokuwa unatunga. Kumbe ilikuwa Carmel, amenuna chumba cha pili, na Jumamosi lazima aje aimbe atakachokuta kwenye karatasi. Miaka yote Honoré alikuwa anamwandikia mtu ambaye angemsoma kwa sauti. Sasa mtu huyo yuko Sydenham anatengeneza simu, na sisi wengine hakuwa na la kutuambia.

Wiki ya jubilei yenyewe akaja saluni na bahasha. Ndani iliyomo ni Kyrie. Besi ipo, tenor ipo, sauti ya pili ipo na noti zangu zile za chini. Mahali pa solo, mistari minne mitupu.

"Mpelekee," akasema.

"Taxi ya Sydenham inapita hapo kwenye robot, kwenye taa za barabarani. Nenda mwenyewe."

"Nikifika nitasema nini?"

"Utasema pardon, Papa Honoré. Ni neno moja. Watoto wa shule wanaliweza."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. Baba yake hakuwahi kulisema, babu yake hakuwahi, na yeye akadhani kwa kuwa ameliweka kwenye muziki tayari amewapita wote. Nilitaka kumrudishia bahasha yake usoni. Lakini nilikuwa nimeshaiona ile sauti ya pili, na mimi ni mwimbaji, nina udhaifu wangu. Nikaipeleka.

Nilimkuta Carmel kwenye meza ya jikoni kwa Grâce, simu imefunguliwa mbele yake. Alifuta mikono, akaipokea karatasi, akaanza chini kwenye besi akapanda polepole. Midomo ilikuwa inacheza. Alipofika juu kwenye mistari mitupu midomo ikaendelea kucheza, na machozi yakamjaa.

"Ni nzuri," akasema. "Hajawahi kuandika nzuri hivi."

Kisha akanirudishia.

"Mwambie mimi si parokia. Bwana wa Grâce ana ndugu Johannesburg mwenye duka la simu, ananingoja. Nitakuja jubilei kwa sababu korali ni yangu pia. Jumatatu naondoka."

Nilirudi nikamwambia Honoré yote, na Jumatatu nikaitaja mara mbili. Alikubali kwa kichwa. Nikajua hataenda.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Umlazi walikuwa wamekaa mbele na makoti yao ya kijani, wametulia, watu wanaojua wanachoweza. Carmel alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na Grâce pembeni yake. Deborah alikuwa ameshasema wazi kwamba yeye solo haigusi, na hata hivyo angegusa nini, hakukuwa na kitu.

Tukaanza. Nakuambia ukweli wa Mungu, tuliimba vizuri. Besi walikuja taratibu, tenor wakawapokea, sisi tukaingia, na nikaona mwanamke mmoja wa Umlazi anafunga macho. Halafu tukafika mahali pa solo na tukanyamaza kama ilivyoandikwa. Kinanda peke yake. Honoré akapiga mistari ile minne akingoja. Hakuna aliyeimba. Akairudia. Akairudia tena. Vichwa vikaanza kugeuka kuelekea mlangoni, benchi kwa benchi. Padri akakohoa. Anaclet jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai ya jubilei. Carmel alikuwa ametazama magoti yake.

Honoré akaondoa mikono kwenye kinanda. Akasimama. Maikrofoni ilikuwa pale pale mbele yake.

"Carmel," akasema. "Pardon."

Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, imekwaruzika, haina ufundi wowote. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia ikisema jambo lenye uzito bila kinanda chini yake. Kanisa likalipuka. Vigelegele kutoka kwa mamama wetu, vigelegele kutoka kwa mamama wa Umlazi ambao hawakujua hata kilichotokea, Anaclet anapiga makofi kama aliyezaa. Carmel akainuka. Watu wakamfungulia njia aje mbele.

Akachukua mkoba wake, akatoka nje.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Honoré alibaki amesimama, mdomo wazi, haelewi. Neno si amelisema? Na mimi pale dirishani nikakumbuka kiti changu cha saluni na mikono ya Carmel mapajani. Sisi wawili, alisema, mlango umefungwa. Na huyu mtu amemtangazia msamaha mbele ya Umlazi nzima. Nikaacha mstari, nikamfuata kwenye kinanda.

"Ametoka, papa. Na wewe toka."

"Na misa?" akaniuliza.

"Misa iko na padri wake. Nenda."

Akaenda. Alipita katikati ya kanisa viatu vyake vikilia kwii, kwii, hakuangalia mtu. Bilha akatupatia noti kwa mdomo, nasi tukaimalizia Kyrie bila kinanda, mahali pa solo tukapaacha wazi kama palivyokuwa.

Misa ilipokwisha nilikuwa wa kwanza kutoka, sikatai. Niliwaona kwenye gari la Grâce, pale tunapoegesha, wamekaa mbele wote wawili. Joto la siku ile lilikuwa la kupika mayai juu ya boneti, na vioo vyote vilikuwa vimepandishwa. Milango imefungwa. Carmel anatazama mbele. Honoré amemgeukia, mdomo wake unakwenda, unasimama, unakwenda tena, jasho linamdondoka puani na hafuti. Nilisogea karibu, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Sikusikia hata herufi. Grâce akaja akanishika mkono akaniondoa.

Jumatatu Carmel hakwenda Johannesburg. Alirudi Greyville na bisibisi zake na taa yake, akakitoa kinanda juu ya meza ya pasi akakiweka sakafuni, akampigia Honoré mashati pasi.

Nimemwuliza. Mimi ndiye ninayemshika kichwa, nina haki zangu. Nilianza kwa mbali, nikazunguka, mwishowe nikamwuliza wazi: mle ndani ya gari alikuambia nini?

"Yaya, legeza kidogo upande wa kushoto," akasema. "Unanivuta."

Ugomvi wao wote nimeuimba, tangu televisheni mpaka Deborah, na huo wa garini siujui hadi leo. Nimeacha kuuliza.

Jumamosi iliyofuata Honoré alituletea Gloria mpya. Nilisoma sauti ya pili mpaka mwisho nikingoja niguswe na kitu, nikageuza karatasi nikadhani labda kinaendelea nyuma. Maharage bila chumvi. Nikamwona Anaclet anavuta pumzi, anafungua mdomo ili aseme, na Bilha akamkanyaga mguu kwa kisigino. Honoré akabonyeza do. Carmel akasimama mahali pake, akaimba solo yake ile isiyokwenda popote, na sisi tukamfuata.